Malalamiko ya Dada Rukia

Jumanne, baada ya Magharibi

Nimechekwa tena. Dada Rukia aliniomba nimsaidie kuandika malalamiko ya kupeleka dawati la jinsia la chuo chao. Mhadhiri wake alimshika kiuno ofisini, akamwambia akimkatalia atafeli. Nikaanza kama tulivyofundishwa skuli: salamu, sifa za mhadhiri, samahani kwa usumbufu.

"Salma we, hii kesi au posa?" Dada akanicheka.

Nikafuta yote. Nikaandika siku, saa, mahali, na maneno aliyoyasema mhadhiri. Dada akasoma mara mbili. Anaogopa kufelishwa kweli. Mimi naogopa zaidi yake, ila sikumwambia.

"Na ile samahani iko wapi?"

"Nimemwachia mhadhiri wako aiombe."

Sijui nilithubutu vipi. Dada akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akatia saini.