Maharage Niliyoyaita Dhaifu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, au bado linatangaza mvua kabla ya redio? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, usimwambie fundi cherehani.

Nimeshika kalamu kukushukuru, maana nusura nipoteze kazi. Hapa kituo cha utafiti kazi yangu ni kunyunyizia miche ya maharage kuvu ya kutu, ule ugonjwa wa madoa ya kahawia, tuone ipi inajikinga. Kila jaribio huwa na mbegu moja dhaifu inayojulikana kuwa itaugua, ya kulinganishia. Safari hii ile dhaifu ilikataa kuugua. Bosi wetu, mama mkali tunayemwita Darubini, akasema nimeiruka trei ya mbegu hiyo kwa kupiga soga, na mkataba wangu hautaongezwa.

Nikamsihi arudie yeye mwenyewe. Akanyunyizia kwa mkono wake, tukachuma majani kila baada ya saa chache, tukayasaga na kupima jeni zipi zimewaka. Kumbe kila mche una jeni za kujilinda, tatizo ni kuchelewa kuziwasha. Maharage mengine yaliziwasha siku ya pili, kuvu imeshakula ikashiba. Yale dhaifu yaliziwasha ndani ya saa sita. Darubini akaniomba radhi mbele ya watu, jambo ambalo hata wakongwe wa kituo hawajawahi kuliona! Kisha akauliza mbegu ile ilitoka wapi.

Sasa kaa chini, Shangazi. Ni yako. Mbegu dhaifu za kituo nilizisahau kwenye unyevu zikaoza, nikaogopa kusema. Nikachukua yale maharage uliyonifungia kwenye kitambaa siku naondoka. Sikuwahi kuyapika, nikihofia wenzangu wasije wakayacheka. Nikayaandikia kibandiko cha "dhaifu" bila kuyajaribu, kwa kuwa niliamini kitu cha kwetu lazima kiugue. Nimemweleza Darubini yote. Amenipa barua ya onyo, na mkataba mpya juu yake.

Umenilea kwa maharage hayo hayo, nami nikayadharau. Naona aibu.

Wanaomba ruhusa yako wayahifadhi na kuwagawia wakulima. Uko huru kukataa. Kwenye fomu kuna nafasi ya mwenye mbegu. Darubini alitaka kuandika jina langu, nikamzuia.

Nisalimie nyumba nzima. Nisamehe, na asante.

Ni mimi,
mwanao uliyemlea