Uzi Mwekundu kwenye Kikombe

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mionzi ya kwanza ya saratani leo. Bado kumi na nne. Haiumi! Unalala, unainua mkono wa kushoto, wahudumu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, na lile limashine linakuzunguka. Dakika chache – khalas.
Kilichoniuma ni nyumbani. Joha, ninayeishi naye chumba kimoja hapa Satwa, huku Uarabuni, nimemkuta anahamishia godoro kwa Everlyn wa chumba cha pili. Joha ana mimba ya miezi saba. Anasema kama wahudumu wenyewe wanakimbia, yeye je? Miaka minne tumekula sufuria moja.

Jumatano, 5 Novemba
Kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu, kisichanganywe na vya wengine. Kwani nina ukoma? Nimenywea chai hichohicho, nikalia kidogo, nikaenda kazini. Linaloniudhi zaidi – hata mimi sijui. Je, kama ni kweli mionzi inabaki mwilini mwangu? Nikipishana na Joha koridoni najibana ukutani.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemuuliza Adib, fundi wa mashine. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akanichorea nyuma ya karatasi ya miadi. Mle ndani hamna jiwe la sumu, ni umeme. Chembe ndogo mno, elektroni, zinaingizwa kwenye bomba lililonyooka. Mawimbi yanazisukuma kama mtoto kwenye bembea, kila msukumo kwa wakati wake, mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga. Mwishoni zinagonga kipande cha chuma, hapo ndipo mionzi inatoka na kulengwa pale uvimbe ulipokuwa.
Inabaki mwilini? Akaniuliza: "Ukizima taa, mwanga unabaki chumbani?"
Wahudumu wanatoka kwa sababu wako pale kila siku, na hawana cha kutibiwa. Nimkumbatie nimtakaye, amesema.
Nimemtumia Joha picha ya karatasi kwa simu. Tiki mbili za bluu, ameiona.

Jumatatu, 10 Novemba
Ya sita. Everlyn ameniambia Joha anasafiri Alhamisi, anaenda Tanga kujifungua. Angeniambia mwenyewe! Shuka nililomshonea mtoto liko chini ya kitanda changu. Nikimpa, atalifua mara ngapi? Ngojangoja huumiza matumbo, nami nangoja tu.

Jumatano, 12 Novemba
Naandikia kwenye benchi la hospitali. Joha amekuja! Hakunisalimu. Amemwendea Adib moja kwa moja, karatasi yangu kwenye simu yake, akamhoji kwa Kiarabu alichookota saluni anakofanya kazi: anayetoka mle, naweza kulala naye chumba kimoja? Kula naye? Na mtoto wangu? Adib amejibu yote, pole pole.
Joha akaja akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Sikusogea. Niliapa sisogei mimi.
"Dada Rose," akasema, "ule uzi nilifunga mimi. Niliogopa."
Nikamwambia najua. Nilikasirika sana, nikamwambia na hilo.
Amesogea. Bega lake liko kwenye bega langu, naandika kwa shida. Namba yangu inaitwa. Ameshika mkono wangu wa kushoto, anauweka tumboni mwake.
"Ngoja kwanza," anasema, "anacheza."
Adib amesimama mlangoni, anatazama saa, na mimi siutoi mkono.