Bomba la Moshi Limemhamisha Mama Tunu

Maganga, mtani wangu,

Wewe umelala huko unapumzika, mie umeniachia bomba. Utani gani huo? Mzaramo na Mnyamwezi tumetaniana tangu ujana. Kuku wangu umewala bila hodi, nikanyamaza. Siku ya msiba wako nikajilaza ndani ya kaburi lako, nikagoma kutoka, watu wanalia huku wanacheka. Yote hayo haki yetu. Lakini kufa kabla hujamaliza jiko langu? Hapo umevuka mpaka.

Barua hii naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Kile kisomo cha watu wazima mie nilikuwaga wa kwanza. Unajua vizuri, maana wewe ulikuwa wa mwisho.

Sasa sikia. Lile jiko la kuni tulilojenga, la tofali za kuchoma juu ya sakafu ya saruji, halina hata ufa. Mbagala nzima hakuna jiko kama lile. Lilibaki bomba la moshi. Wewe ulitaka lipande moja kwa moja, litoboe paa. Nikakataa. Nikate bati langu la msauzi, jipya, jekundu, wapita njia wanasimama kulitazama? Ukaniambia, "Pazi, moshi hauna macho ya kuona uzuri wa bati. Wenyewe unataka juu." Nikakujibu Mnyamwezi bati amelijulia wapi. Ukacheka, ukakohoa, ukaenda zako. Hatukuonana tena.

Basi nikamalizia mwenyewe. Nani wa kunishinda? Nikatoboa ukuta, nikapinda bomba, likatokea pembeni chini ya upenu. Mama Tunu akawasha, akateleka karai la maandazi. Maganga, ule moshi ulitoka, ukagonga upenu, ukarudi ndani kama mwenye nyumba! Jirani yangu Mama Rehema akapaza sauti kutoka kwake: "Mzee Pazi, umetufanya samaki wa kukausha?" Nikamjibu samaki wana adabu, hawasemi ovyo.

Nikasema ni upepo tu, utatulia. Mama Tunu akainua macho. Ubao wa upenu unafuka. Bomba lilikuwa limeugusa.

Akamwaga ndoo nzima ya maji. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi. Akafunga khanga zake, akasema, "Baba Tunu, mie siungui kwa ajili ya bati. Nakwenda kwa mwanangu. Moshi ukitoka juu, niite." Mpaka leo yuko Mbezi Luis kwa Tunu.

Nala mikate ya dukani, Maganga. Mie! Tunu anapiga simu, "Shikamoo baba, bati umeshatoboa?" Ndiyo salamu hiyo? Nikaita mafundi. Mmoja anasema bomba likigusa mbao za kenchi hakuna shida. Nikamfukuza. Mwingine anataka kuziba tundu la paa kwa nailoni mvua isipite. Nailoni! Kwenye bomba la moto! Huyo nilimfukuza na ngazi yake.

Wewe ulishanipigia kelele zote hizo kwenye kahawa. Lisikaribie mbao, liwe mbali nazo toka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Panapotoboka paa livalishwe bomba jingine pana, katikati ibaki hewa. Lipite kimo cha mgongo wa paa. Juu livishwe kofia ya bati. Na masizi, masizi yakwanguliwe, yakijaa yanashika moto yenyewe. Dirisha wazi kila ukiwasha. Ulidhani sisikii. Kichwa hiki ni sanduku, kinachoingia hakitoki.

Usivimbe huko. Sijasema ulikuwa sahihi.

Nimesema nyumba imekuwa kimya. Naamka, nakohoa, hakuna anayeniuliza nakohoa nini. Bati jekundu silali nalo.

Nikaenda kwa shemeji, mkeo, akanipa mkasi wako wa bati. Nilipoushika... basi, tuyaache. Nikapanda mwenyewe. Mama Rehema akanishikia ngazi, mdomo haufungi: "Mzee, ukianguka usiangukie upande wangu!" Nikakata. Lile bati lililia, Maganga, na mie meno yakaniuma. Nikafuata maneno yako moja moja, nikaziba na lile tundu la ukutani. Leo nimewasha. Mbao nimezishika kwa kiganja, hazina joto. Moshi umenyooka juu, kama umetumwa.

Nikampigia Mama Tunu. Akasema, "Huku Mbezi siuoni. Nakuja kukagua, na moshi ukinitoa hata chozi moja narudi huku huku." Kesho huyo anakuja. Nimefagia jikoni mara mbili, mie mwanaume.

Lala salama, mtumwa wangu. Masizi nitayakwangua kila mwezi unapoandama, neno langu hilo. Na Mama Tunu akikubali kubaki, andazi la kwanza nitalibeba la moto mpaka kaburini kwako, nikae hapo nilile lote peke yangu, wewe usipate hata harufu.

Mtani wako,
Pazi