Pumzi ya Binti Chini ya Mlima

Jumatatu, 4 Novemba

Leo tumetengeneza ngozi ya joka. Ngozi kavu ya ng'ombe, inaburutwa juu ya mchanga, mara nane. Mimi na ngozi, Karim, fundi wa sauti, na hedfoni zake. Mara ya nane akaitikia kwa kichwa. Magamba ni vizibo vya soda vilivyofungwa kwenye kitambaa. Watoto watakaoitazama filamu hawatajua.

Filamu ni ya katuni, imetoka China, hadithi yao ya kale. Joka limefungia mvua ndani ya mlima, binti anashuka kuidai. Kichina na milio vimerekodiwa pamoja, havitenganishiki. Kwa hiyo tunatengeneza kila kitu upya kwa Kiswahili, huku nyuma ya duka la vitambaa la baba yake Karim. Binti ni mimi. Nikimalizana na darasa la nne naja hapa, mpaka jioni.

Imebaki pumzi tu. Binti akishuka gizani haongei, anahema. Dakika nzima. Siiwezi.

Jumatano, 6 Novemba

Mara kumi na tisa leo. Karim akazima mashine ya kurekodia. "Mama Neema, unahema kama mtu aliyetoka kufua. Huyu anaogopa."

Kisha akataja Mwakitolyo, kwenye machimbo. Kuna mchimbaji anaitwa Masanja, mke wake hununua vitenge dukani kwao. Ana duara lake, shimo la dhahabu analochimba na wenzake wawili. Karim anasema mwangwi wa mle haupatikani studio. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nimesema sawa. Nimezaliwa mkoa huu, miaka thelathini na nne nimezungukwa na mashimo, sijawahi hata kuchungulia moja.



Ijumaa, 8 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimempigia Karim nikitumaini ataahirisha. Hakuahirisha. Masanja amemhakikishia kuwa miti ya mle ndani ni imara.

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Akatoa kokoto mbili, tatu. Kisha: "Basi vaa suruali."

Daftari moja nimelisahihisha mara mbili.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Tumefika saa nne asubuhi. Masanja mpole. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia Kisukuma, akanipa mkono. Wenzake wawili si wapole. Mwanamke hashuki duarani, walisema, dhahabu inakimbia. Masanja akasema duara ni lake. Mimi moyoni nikaomba washinde wao.

Ngazi ya miti, imelowa, inateleza. Mita kumi na mbili hivi. Kisha njia ya kutambaa. Kisha uwazi wa kutosha watu wawili waliochuchumaa. Kuta zimeshikiliwa na magogo, wanayaita matimba. Masanja alibaki juu. Karim akavaa hedfoni, akazima tochi.

Giza lile sina neno lake. Nikahema. Sikuigiza.

Katikati, kwa mwanga wa kijitaa cha mashine, nikamwona ameinua kidole: endelea. Nikaendelea. Kisha gogo likalia. Mlio mdogo, kama ukuni mkavu ukivunjwa. Nikamtazama. Amefumba macho, ametulia.

Sikusema neno. Niligeuka nikatambaa. Nilikuwa nimefika katikati ya ngazi udongo uliposhuka. Upepo wenye vumbi ukanipiga kwa chini.

Juu nikapiga kelele. Masanja akashuka, wenzake wakamfuata, lakini mmoja alininyooshea kidole kwanza: "Si tulisema?" Watu wakaja kutoka maduara ya jirani. Wakaambiana kuwa mwanamke ameshuka. Wakanitazama. Nikaingia kwenye gari la Karim nikafunga milango yote. Nilikuwa namwogopea Karim, kisha nikawa najiogopea mwenyewe, na hilo la pili lilikuwa kubwa zaidi.

Saa mbili nzima. Wamemtoa hai. Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Mashine kaikumbatia kifuani.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani.

Nilimwacha. Ningetamka jina lake tu. Sikutamka.

Jumanne, 12 Novemba

Darasani dawati limelia, nikajikuta niko mlangoni. Watoto wakacheka, kisha wakaacha.

Mchana mama yake Karim amekuja shuleni na hotipoti la pilau. Nikampa shikamoo nikitazama chini. "Karim ametuambia ulikimbia kumwitia watu," akasema. "Mungu akulipe, mwanangu." Nikajibu amina. Pilau wamekula walimu wenzangu.

Karim anadhani hivyo kweli? Au anajua, ananificha? Sijui kipi kinanitisha zaidi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefika mpaka geti la hospitali. Nimerudi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeingia. Yuko peke yake, mguu kwenye plasta. Sikukaa. Nikasema yote kwa mkupuo kabla sijaogopa tena. Nilisikia gogo. Sikukuambia. Sikukimbia kuita watu, nilikimbia tu.

Hakushangaa. Akavuta mashine chini ya mto, akanipa hedfoni.

Pumzi yangu. Siitambui. Kisha mlio, kwa mbali, mwembamba. Pumzi inaendelea. Nikahesabu hadi ishirini na sita. Ndipo mlio wa pili, ule ninaoujua, na suruali yangu ikikwaruza udongo.

"Wewe umeukimbia wa pili," akasema. "Wa kwanza niliusikia mimi peke yangu. Hedfoni zinaleta kila kitu."

Nikamuuliza kidole kile kilikuwa cha nini.

"Ulikuwa unahema vizuri, Mama Neema. Nikasema moyoni, kidogo tu tena."

Siku saba nimejiita muuaji. Nikamwambia nina mtoto wa miaka sita. Akasema anajua. Ndiyo maana hawezi kulala. Akaomba radhi. Sikumpa. Nikamnywesha maji, kwa kuwa glasi ilikuwa mbali, nikaondoka.

Jumatatu, 18 Novemba

Hasira. Ni afadhali kuliko woga. Nimelala usiku mzima.

Jumamosi, 30 Novemba

Karim ametoka hospitali, anatembelea magongo. Amenipigia: filamu inasubiri dakika moja. Anazo pumzi mbili, amesema, ya studio na ya duarani. Hatagusa yoyote mpaka niseme.

Nimekwenda. Nimesikiliza zote, tochi ya simu ikiwaka mkononi ingawa ilikuwa mchana. Nikasema iwekwe ya duarani. Ni yangu, nimeitolea jasho. Ila ikatwe kabla ya mlio wa kwanza, na kilichobaki kifutwe. Akafuta nikiona. Amebaki na sekunde thelathini na moja. Ataziweka mara mbili zifike dakika, hakuna atakayegundua.

Tukafunga studio. Mlangoni kuna ngazi mbili, na sakafu imepigwa deki, inateleza. Akanipa gongo moja, akaniwekea mkono begani. Tukashuka polepole. Ni mzito kuliko nilivyodhani.