Msusi au Spika: Nani Alipeleka Maneno Yangu Kanada?

Mpendwa Mama Mshauri Tumushabe, naomba msaada wako, na unisamehe kama barua hii itakuwa ndefu, kwa maana kichwa changu kimevurugika kabisa na sijui hata nianzie wapi, nikianza na spika naona nimemsahau rafiki yangu, nikianza na rafiki yangu naona nimemsahau mama mkwe.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, tulikimbia vita kutoka upande wa Butembo tukavuka mpaka wa Kongo tukapanga nyumba hapa Bwera, Uganda, mume wangu Ruben anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji na anarudi mwisho wa mwezi, mimi nauza vitenge soko la Mpondwe Jumanne na Ijumaa, na mama yake mzazi, ambaye tunamwita Mukaka kama sisi Wanande tunavyowaita bibi zetu, anaishi na mimi. Mukaka nampenda, naomba ujue hivyo kabla ya yote. Lakini akili yake imeanza kumpotea, unamwona ametulia anachambua maharage, ukigeuka tu amejifunga kitenge ameshika njia ya mpakani, na mara mbili askari wamemkuta karibu na daraja akiwaambia, "Niko narudia kwetu, niliacha chungu mu moto," na hiyo nyumba anayoisema iliungua miaka mingi iliyopita. Mara ya pili yule afande alinifokea mbele ya watu, "Wewe mama! Chunga mzee! Nikimkamata tena hapa, wewe ndiye utalala ndani!" Basi nikaogopa, na siku za soko, watoto wakiwa shuleni, nikaanza kumfungia mlango kwa kufuli, namwachia chai kwenye chupa na ndizi za kuchemsha, natoka asubuhi narudi saa nane mchana, na sikumwambia mtu yeyote, hata Ruben.

Sasa wifi yangu Aimée, dada wa Ruben, yuko Kanada, na mwaka huu alituma ile spika ya kuongea, ndogo kama kopo la maziwa ya unga, ili mama yake amsikie bila kubonyeza chochote, maana simu inamshinda. Bright fundi wa simu alitoka Kasese mjini akaja kuifunga, akaiunganisha na intaneti, akaacha kijitaa chekundu kinawaka, akapanda pikipiki akaenda, hakueleza kitu. Mimi nikaiweka juu ya kabati kando ya kisanduku cha sola, na nikaisoma kama ninavyosoma sola, kwa sababu kila nyumba yenye sola inajua sheria hii, nyekundu betri imekwisha, njano imefika nusu, kijani imeshiba. Kwa hiyo nikiona spika ni nyekundu nasema maskini ina njaa, naichomeka na kubonyeza kile kidude cha juu mpaka nyekundu izimike, nikiona kijani moyo wangu unatulia. Kila Jumapili baada ya misa sauti ya Aimée inatoka mle ndani na Mukaka anapiga vigelegele, na mimi nilijua hiyo ndiyo kazi yake, imekwisha.

Nina rafiki, Hamidah, jirani yangu, ndiye msusi wetu sisi wanawake wa sokoni, anasuka pale penye kibaraza cha duka la unga. Siku moja mvua ilinyesha akaja kunisuka sebuleni kwangu, Mukaka amelala chumbani, na wewe unajua Mama Mshauri, mtu akishakaa na kichwa chake katikati ya magoti ya msusi, mdomo unafunguka wenyewe. Nikamwambia yote. Nikasema, "Ijumaa ile nilimufunga mu nyumba sawa mbuzi, kurudi nakuta anaimba," tukacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha mtu aliyechoka, na Hamidah akasema, "Basi uwe unanifunga na mimi, nipumzike." Spika ilikuwa hapo juu, ya kijani, imeshiba, haikusema neno hata moja.

Siku mbili baadaye Aimée akanipigia simu analia. "Elise, unafungaka mama mu nyumba sawa mbuzi, na unacheka? Na ule mwenzako anasema bamufunge na yeye apumuzike? Muko bantu ama banyama?" Nani mwingine alijua? Ni Hamidah peke yake! Nikakumbuka aliwahi kuniomba namba ya Aimée, mtoto wa dada yake anataka kwenda Kanada. Nikasema kweli kikulacho ki nguoni mwako. Jumanne nikaenda moja kwa moja pale kibarazani, akiwa na wateja wanne, nikamwita mdaku, nikasema asiyetaka siri zake zivuke bahari asimpe huyu mwanamke kichwa chake. Hamidah akasema, "Sawa, Elise. Kama umeona ni mimi, basi," akaendelea kusuka.

Sasa wiki ya tatu inakwisha, wateja wamemkimbia, nampita pale amekaa na vitana vyake na kiti kitupu, na badala ya kufurahi naumia. Halafu juzi mwanamke mmoja sokoni akasema hizi spika zinasikiliza watu. Nimeshtuka, nimeifunika kwa sufuria, lakini naona njano inamulika chini ya ukingo wa sufuria na sijui kama ni betri au ni jicho. Mama, niambie, ni Hamidah au ni spika? Na kama ni spika, mbona ilikuwa ya kijani? Niitupe chooni? Nimeshindwa kulala na kushindwa kula.

Ni mimi, Elise wa Bwera

MSHAURI ANAJIBU

Dada Elise, pole. Kwanza ondoa hiyo sufuria, watoto wapikiwe.

Hukusalitiwa na Hamidah, na ungelijua hilo kama ungefikiri kwa dakika tano kabla ya kufunga safari ya kwenda kutukana. Aimée alikurudishia maneno yako neno kwa neno, pamoja na kicheko, pamoja na utani wa Hamidah mwenyewe. Mdaku gani anapeleka umbeya akijitia na yeye ndani? Mtu akisimulia husimulia kwa maneno yake. Aliyeyarudia namna hiyo ameyasikia kwa masikio yake.

Nimemuuliza anayezijua mashine hizi, na nimesoma kijitabu cha moja yake. Rangi hutofautiana kidogo kwa kila aina, kwa hiyo na wewe mpe Bright kazi ya kukusomea cha kwako, safari hii asiondoke kabla hujaelewa. Lakini kwa nyingi ni hivi. Buluu, imesikia jina lake, inasikiliza amri. Njano inayomulika, kuna ujumbe umeachwa unakusubiri, na huo wako umesubiri chini ya sufuria. Nyekundu, masikio yamezibwa, haisikii kitu. Na kijani, mama, kijani ni simu iko wazi. Kuna mpango ambao ndugu akikubaliwa anaingia moja kwa moja bila wewe kupokea, na kwa kuwa Mukaka hawezi kubonyeza, nina hakika Aimée aliuweka huo. Bright alikuachia mlango umefungwa. Wewe ndiye uliyekuwa unaufungua kila siku kwa kidole chako, ukidhani unailisha!

Sikucheki. Ulitumia akili uliyokuwa nayo, na sola haijawahi kukudanganya. Ila jua kwamba spika hiyo imeandikwa kwa jina la Aimée, kwa hiyo hata maneno unayoiambia ikiwa buluu huenda yanatunzwa kwenye akaunti yake, naye anaweza kuyasikiliza na kuyafuta. Mwambie ayafute, azime na ule mpango wa kuingia bila hodi. Simtetei. Mtu akiingia nyumba ya watu hata kwa sauti husema hodi, naye alinyamaza akasikiliza. Mwulize kwa nini, na umwache ajibu. Huenda alitaka tu kumsikia mama yake akikohoa. Usiitupe chooni, ni sauti ya binti wa Mukaka. Iache kwenye nyekundu, uifungue Jumapili.

Sasa nikugombeze vizuri. Unaniuliza habari za taa ukurasa mzima, na habari ya kufuli umeipitia haraka haraka kama mtu anayekanyaga makaa. Moto ukiwaka ndani, Mukaka atatokaje? Niliishi kambi za jeshi miaka kumi na miwili, nimeona nyumba iliyofungwa kwa nje ikiungua, na sitakuandikia nilichokiona. Kufuli litoke leo. Najua huna ubaya, najua unaogopa daraja na yule afande. Lakini umeubeba mzigo huu peke yako kwa siri, na siri ndiyo iliyokuumiza kuliko spika. Mpigie Ruben umwambie. Mpigie Aimée umwambie mama yake anatoroka kurudi Butembo, maana ninavyoona hajui, anajua mbuzi tu. Jumuiya yenu ya kanisa ina akina mama, waombe wakae naye kwa zamu siku za soko. Mshonee jina lako na namba ya simu kwenye kitenge. Na nenda kwa yule afande na Mukaka mkononi, amjue sura, umwombe akimwona amkalishe kivulini akupigie.

Bado Hamidah. Usitume mtu akusemee. Usimpelekee sukari wala kitenge, na usiende kumwomba radhi nyumbani kwake mlango umefungwa, kwa sababu hukumtukania huko. Msusi anakula kwa vichwa ambavyo watu wanamwamini navyo, na wewe ulimnyang'anya vyote asubuhi moja. Jumanne saa ile ile, soko likiwa limejaa, nenda kibarazani na useme kwa sauti ile ile uliyotumia kumtukana kwamba ulikosea, kwamba ni spika yako, kwamba yeye hakutoa neno. Taja jina lake. Mwenye kukucheka akucheke, utastahimili.

Halafu vua kitambaa, kaa kwenye kile kiti kitupu, mwombe akusuke mbele yao wote. Anaweza kukataa, ana haki. Akikataa, usiinuke. Kaa hapo na nywele zako zimefumuka, wanawake wa Mpondwe wakupite wakuone, mpaka mmoja wao aulize kama kuna foleni.