Kilo Zako Themanini na Mbili

Kaka Muriuki,

Mkeo Nyaguthii alikuwa akisafisha gereji yako ya Ruring'u, mara ya kwanza tangu tukuzike, akalikuta daftari langu chini ya sanduku la spana. Ameniletea huku kwangu, mtaa wa Skuta, likiwa limefungwa kwa gazeti. Nimelia, kisha nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Unalikumbuka lile gari jekundu? Mzungu mmoja wa upande wa Nanyuki alirudi kwao baada ya Uhuru akaliacha limekufa, wewe ukalifufua. Lilikuwa la chini, injini imekaa nyuma ya kiti chako. Mama alilizunguka, akaguna: "Hii gari ati imewekwa maini kwa mgongo!" Ulitaka jambo moja tu, kumaliza mashindano ya kule kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Lakini kila ulipokata kona kwa kasi, mkia ulitaka kutangulia.

"Shida ni springi," uliniambia. "Nikijua kila gurudumu inabeba kilo ngapi, nitajua nikaze wapi. Na wewe si uko na mizani?"

Mizani ilikuwa ya kiwanda cha kahawa, mimi karani tu. Meneja alituruhusu Jumapili baada ya kanisa. Tuliweka gurudumu moja juu ya mizani na mengine matatu juu ya mbao, gari likae sawa, kisha tukahamia jingine. Wewe ulikaa ndani umeshika usukani, mimi nikasoma na kuandika. Ukakaza, ukalegeza, tukapima upya mpaka kushoto na kulia zikalingana. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Mazoea ndiyo yaliyoniponza. Mkulima akileta kahawa, karani hupima, kisha hutoa uzito wa gunia. Basi nami nikakutoa wewe! Niliandika "toa 82", nikazipunguza kilo zako upande wa dereva. Tukasawazisha gari lisilo na mtu ndani.

Kwenye kona ya tatu mkia ulitangulia, gari likazunguka na kuingia kwenye seng'enge. Ulivunjika mkono. Kabla hujashuka nilishakumbuka nilichoandika. Wenzako walipotaka kuona hesabu, ulisema, "Daftari imepotea. Na makosa ni ya mguu yangu, nilikanyaga vibaya."

Nami nikanyamaza. Ulikuwa umewatangazia wote kwamba hakuna mwanaume wa Nyeri anayesoma mizani kunishinda, na nilikuwa na miaka ishirini, sifa hiyo niliipenda kuliko ukweli. Mkono ulipopona tulipima tena, nikaandika kilo zote kwenye daftari jipya bila kutoa kitu. Hukuuliza mbona hesabu zimebadilika. Mashindano yaliyofuata ukamaliza wa nne, ukanibeba mabegani mbele ya Mama huku nikipiga kelele uniteremshe. Miaka yote hii nimejidanganya kwamba nilikuficha kosa langu.

Leo nimeufungua ukurasa ule. Chini ya "toa 82" kuna maneno ya penseli, yamepindapinda, umeyaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye plasta:

"Mimi si gunia, Wambui."

Nisamehe, kaka yangu. Ningetoa chochote unitanie hivyo mbele ya watu wote.

Dada yako,
karani wa mizani