Maulidi Tumekula, Tumbo Linauma Tena

Mama Mushauri wa gazeti, pokea salamu zangu, naomba unisaidie, mimi ni Mzee Sumaili wa Kabambare, yule aliyevuka muto Luama amekalia mugongo ya kiboko, kama haujasikia basi gazeti lenu haliandiki mambo ya maana, mimi kalamu sikusoma, mwalimu ndiye ananiandikia na nimemukataza kucheka. Bibi yangu mudogo, Subira, kila mwezi akiingia siku zake tumbo ilikuwa inamukata mpaka anatambaa chini, nikamupeleka hospitali ya Kasongo, munganga akamupasua, akasema nyama kama ile ya ndani ya kizazi iko inaota inje ya kizazi, ametoa ile aliyoona, lakini inaweza kuota tena, kwa hiyo Subira awe anarudi wamuangalie. Mimi nikasikia "ametoa", ile ingine nikaiacha kwa mulango. Nikarudi nyumbani, nikachinja mbuzi, nikasomesha maulidi ya shukrani, watu wakala pilau mpaka wakalegeza mishipi, nikasimama nikasema Subira amepona kabisa, na mimi ndiye nilimuonyesha munganga pa kukata. Sasa maumivu imerudi, na maulidi imeshasomwa, watu wameshiba, nitawaambia nini, kwamba dua yao haikufika? Nikamuambia Subira, wewe sema ni jino. Bibi mukubwa, Fatuma, ananichekelea mbele ya majirani: "Bwana, hili jino la mwenzangu limeota wapi? Mbona likiuma anashika kitovu?" Kamio ya jirani Hemedi, ile lori ya magunia, inaenda Kasongo soko ikiisha, Subira ananiangalia, kisha anaangalia barabara. Mama, nifanye nini apate nafuu bila kurudi hospitali, na heshima yangu ibakie?

JIBU

Mzee Sumaili, pole kwa heshima yako, naona iko inaumwa sana, labda nayo waipasue. Lakini anayetambaa chini ni Subira. Kiboko alikubeba muto muzima, wewe unashindwa kumufikisha bibi yako kwa kamio?

Munganga hakusema amepona. Aliyesema ni wewe, munganga wa pilau. Ugonjwa huu hata ukipasuliwa unaweza kurudi, haiko kosa ya Subira, haiko uchawi, wala dua haikupotea. Mulishukuru kwa sababu alitoka kwa meza ya kupasuliwa akiwa muzima, basi, hiyo shukrani ilifika. Nani alikuambia maulidi inafunga mulango wa hospitali? Kama unaogopa majirani, waite wasome dua ya safari. Chinja kuku, watakuja mbio, ninawajua.

Na lile jino uling'oe leo! Umemufundisha mugonjwa kudanganya, kesho atamuambia na munganga vilevile, apewe karafuu ya kutafuna.

Kamio ikiwaka, Subira akae mbele na dereva, barabara yenu inatikisa hata muzima. Wewe panda nyuma na magunia. Fatuma aende naye, ule mudomo wake una kazi kule. Mbele ya munganga wewe nyamaza, ndiyo, wewe. Subira aonyeshe kwa mukono wake pale panauma, aombe dawa ya kumutuliza, aulize mwenyewe siku ya kurudi. Na siku hiyo ikifika, usimuulize kama anaumwa ao hapana. Hata ukimukuta anacheka, mupakie.